Buluu Iliyobaki Upande wa Mashamba

Tangi la maji la Boito limejengwa juu ya mgongo wa kilima, pale chai inapoishia na mikaratusi inapoanza. Ukisimama kando yake unaiona Konoin imetandazwa chini yako: chai iliyochumwa ikawa sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi, mabati ya shule, moshi wa kiwanda, na barabara nyekundu ambayo trekta za majani chai huichimbua kila msimu wa mvua. Maji huingia tangini kutoka chemchemi ya msituni kwa mpira mmoja, na hutoka kwa mabomba mawili. Bomba moja linashuka shuleni na sokoni. La pili linazunguka kilima kwenda mashambani, likigawa maji boma baada ya boma. Boma la mwisho kwenye laini hiyo ni la Kipkosgei.

Kipkosgei ndiye mtunzaji wa tangi. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini kuliko mwili wake. Ana shamba la chai lisilo kubwa, ng'ombe wawili wa maziwa, na mahindi nyuma ya nyumba. Kamati ya maji haikumchagua kwa sababu ya elimu. Ilimchagua kwa sababu hasahau. Kuna watu wa namna hiyo kila mahali nilipowahi kulala: mpiga kengele wa kanisa, mwashaji taa wa bandari. Ukiwapa kazi moja ndogo wanaifanya mpaka wazikwe, na hakuna anayewakumbuka ila siku kazi hiyo inapokosa kufanyika.

Mvua za mwaka mmoja zilipoleta kuhara vijijini, kamati iliamua maji yatiwe klorini. Aliyeitwa kukadiria kipimo ni Mwalimu Eucabeth, anayefundisha kemia katika shule ya upili iliyo chini ya kilima. Eucabeth alikuja kutoka upande wa ziwa akiwa msichana aliyetoka chuoni, akakusudia kukaa mwaka mmoja, na mpaka leo hajaondoka. Anazungumza Kipsigis kwa lafudhi inayowachekesha watoto, na amezoea kuchekwa. Alipima urefu na upana wa tangi, akapiga hesabu zake, kisha akampa Kipkosgei jagi la plastiki na ndoo. Unga wa jagi moja ukorogwe ndani ya ndoo ya maji, kisha umiminwe tangini, kila jioni.

Kipkosgei alifanya hivyo kila jioni. Alifunga maji yanayoingia, akafunga mabomba yote mawili, akafunua mfuniko wa tangi ulio upande wa shule, akamimina dawa polepole ikiteremka ukutani bila kuruka, akafunika. Kisha akaiacha ilale. Ndivyo alivyosema mwenyewe: dawa lazima ilale na maji. Alfajiri alirudi kufungua kila kitu, na Boito ikaamka na maji.

Kwa nini ailaze? Kwa sababu nyumbani kwake kila kitu chenye nguvu hulazwa. Mkewe, Rodah, alikuwa fundi wa mursik, maziwa ya kugandisha kibuyuni, ambaye hata maboma ya ng'ambo ya mto yalimjua. Aliusafisha mtungi wa kibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet, akatia maziwa, akauegemeza pembeni mwa nyumba penye giza, na ole wake mtu aliyeugusa. Mtoto akiutikisa alifukuzwa nje na mwiko. Maziwa, alisema Rodah, hujua kazi yake yenyewe yakiachwa. Kipkosgei alikula na kunywa matokeo ya imani hiyo maisha yake yote ya ndoa, na hakuona sababu ya kuishuku alipofika tangini.

Watu wa shule walianza kulalamika mapema. Maji yananuka dawa, walisema. Chai inakuwa na ladha ya hospitali. Afisa wa afya alikuja na kichupa chake, akapima kwenye mfereji wa shule, maji yakageuka waridi, ishara kwamba dawa imo, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika akaenda zake. Watu wa mashambani nao walisifu. Kwao maji hayakubadilika hata kidogo. Rodah alizoea kumtania mumewe akirudi kutoka kilimani.

"Baba Chelimo, hao watu wa shule wanalia bure. Hii maji yako ni tamu."

"Si yangu. Ni ya Mungu na kamati."

"Basi mwambie Mungu na kamati wasiguse laini yetu."

Masika yaliyofuata yalikuwa mabaya. Maji ya juu yalishuka msituni na kila uchafu uliokuwa kwenye njia yao, na chemchemi ikawa rangi ya chai ya maziwa kwa siku kadhaa. Kipkosgei hakukosa jioni hata moja. Katika laini ya mashamba watu wengi waliugua taifodi, wengi wakapona. Rodah alianza na homa aliyoiita uchovu wa kuchuma, akaendelea kuchuma, akanywa panadol, akaendelea kuchuma tena. Alipofikishwa hospitalini utumbo ulikuwa umeshatoboka. Walimpasua, akaishi kidogo, akafa asubuhi moja ya Juni huku Kipkosgei akiwa ameenda kumnunulia uji.

Katika mazishi, Chelimo, binti yao anayeuza dawa za mifugo katika duka moja la Nakuru, alikataa kuushika mkono wa Mwalimu Eucabeth. Mwalimu alikuwa ameunyoosha mbele ya watu wote, kando ya kaburi. Chelimo aliutazama akageuka. Hapo ndipo maneno yaliyokuwa yakinong'onwa yalipata sauti: kipimo cha mwalimu kilikuwa hafifu. Amewapimia watu wa mashamba dawa ya kudanganyia tu. Yeye mwenyewe anakunywa laini ya shule, si ndiyo? Mbona huko hakuna aliyekufa?

Eucabeth alirudi kwenye hesabu zake, akazipiga upya mara nyingi, na kila mara jagi lilikuwa sawa. Wanawake waliokuwa wakimsimamisha njiani kumpa maharagwe au ndizi walianza kuona vitu vya kutazama upande wa pili wa barabara.

Kipkosgei hakusema kwamba kipimo kilikuwa kibaya, wala hakusema kilikuwa kizuri. Alikuwa akifikiria swali la mwisho la watu, lile walilolirusha kama tusi kisha wakalisahau: mbona shuleni hakuna aliyekufa? Tangi ni moja. Jagi ni moja. Mkono uliomimina ni mmoja. Siku moja ya Julai, shule ikiwa imefungwa kwa likizo fupi, aliteremka kilima akamkuta Eucabeth akiosha chupa katika maabara.

"Chamgei, Mwalimu."

"Chamgei mising, Mzee. Karibu. Hapa hakuna kiti kizuri, kaa kwa hiyo stuli."

Alikaa.

"Mwalimu, nataka kujua dawa ilikuwa inaenda wapi."

"Wapi namna gani?"

"Nikimwaga, inaenda wapi? Wewe unajua haya mambo. Nionyeshe kwa macho. Usinihesabie."

Eucabeth aliniambia baadaye kwamba alilijua jibu sekunde ile ile, kabla hajaweka chupa chini, kwa sababu alikumbuka kwamba hakuwahi kumwuliza mzee huyo anavyomimina. Alijaribu kukwepa. Akasema maabara haina vifaa. Akasema mambo ya tangi kubwa hayawezi kuonyeshwa kwa kitu kidogo. Kipkosgei aliendelea kukaa kwenye stuli.

"Unaogopa nini?" akamwuliza. "Kama ni kipimo chako kibaya, nitakuambia pole na nitawaambia watu waache. Kama ni mkono wangu, si ni wangu?"

Basi Eucabeth akatoa sanduku la plastiki angavu ambamo zamani walifuga perege kwa ajili ya somo la biolojia.

"Hii si ya samaki?" Kipkosgei akauliza. "Ninyi watu wa ziwa hamwezi kufanya kitu bila samaki?"

"Na ninyi bila maziwa. Nyamaza, Mzee, ushike hapa."

Walicheka kidogo, wote wawili, na wote wawili wanakumbuka kwamba walicheka.

Eucabeth alitoboa sanduku kwa msumari uliochomwa moto, akaingiza vipande vya mpira: kimoja juu, pa kuingizia maji, kimoja chini upande wa kushoto, laini ya shule, kimoja chini upande wa kulia, laini ya mashamba. Akaibana mipira kwa vibanio, akalijaza sanduku maji. Kisha akachemsha viazi, akamwaga kidogo maji yake meupe ndani ya sanduku, akaongeza matone ya iodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda. Maji yote yakageuka buluu nzito, karibu nyeusi, kama wino.

"Mbona usitie tu rangi?" Kipkosgei akauliza. "Utie rangi nyekundu, tuone inaenda wapi."

"Rangi inadanganya. Inatapakaa kidogo tu, unaona kila mahali pamekuwa pekundu, unasema imechanganyika. Kumbe bado ni nyuzi nyuzi. Hii tofauti." Akanyanyua chupa yenye maji meupe, yaliyoyeyushiwa chumvi ambayo wapiga picha wa zamani waliita hipo. "Hii ni kama klorini yako leo. Nzito kuliko maji, vile vile. Ikikutana na hiyo buluu, buluu inakufa papo hapo. Lakini lazima zikutane kabisa, sio kupitana. Mahali imebaki buluu, dawa haijafika. Haibishani na mtu."

Nimeuona ujanja huu kwingine. Katika kiwanda cha rangi huko Izmir walikuwa na pipa la kioo na mapanga yanayozunguka, na wahandisi waliokaa mbele yake na saa za kupimia sekunde, wakingoja buluu ya mwisho ifutike ili wajue kuchanganya kumechukua muda gani. Walikunywa chai na kutaniana. Sehemu inayochelewa kufutika waliiita kwa Kituruki kona iliyokufa, nami nikaandika neno hilo kwa sababu lilinipendeza. Sikufikiri kwamba kuna mtu duniani ambaye angeikodolea macho kona hiyo akitafuta ndani yake kifo cha mtu mmoja aliyemjua kwa jina.

"Mwaga wewe," Eucabeth akasema. "Vile unamwaganga."

Kipkosgei alisimama. Akavikaza vibanio vya mipira yote, kama afungavyo mabomba. Akaishika chupa kwa mikono miwili, akaileta upande wa kushoto, pale mfuniko ulipo, akamimina polepole ikiteremka ukutani, bila tone kuruka. Alipomaliza aliirudisha chupa mezani akatafuta kitu cha kufunika sanduku; hakikuwepo, akafunika kwa kitambaa chake.

"Sasa inalala," akasema.

"Inalala mpaka lini?"

"Mpaka asubuhi. Lakini hii ni ndogo. Tungoje tu."

Walingoja. Eucabeth akapika chai kwenye jiko la maabara, jambo ambalo anawakataza wanafunzi. Walipofunua kitambaa, kioja kilikuwa pale pale mbele yao, kikiwa kimetulia. Upande wa kushoto, chini, maji yalikuwa meupe kabisa, kama kipande cha dirisha. Weupe ule ulijinyoosha kidogo sakafuni mwa sanduku kisha ukakoma. Juu yake, na upande wote wa kulia hadi kwenye mpira wa mashamba, buluu ilikuwa imesimama vile vile ilivyokuwa mwanzoni.

Eucabeth akafungua mipira. Upande wa shule yalitoka maji meupe. Upande wa mashamba ulitoka wino.

Kipkosgei alipeleka kidole akayakinga maji yale ya buluu yakadondokea ngozini. Akayatazama.

"Nilidhani ni kama mursik," akasema.

"Mzee."

"Nilidhani ikiachwa inakomaa. Hakuna mtu anatikisa mursik."

Eucabeth alifanya kosa ambalo hata sasa hajisamehe. Akajaza sanduku upya, akatia viazi na iodini, ikawa buluu tena. Alitaka kuonyesha kwamba jambo hili lina tiba. Akafungua maji yaingie kwa nguvu kutoka mfereji, akamimina dawa ileile, kiasi kilekile, pale pale maji yanapoingia, akazungusha kijiti mara chache. Buluu ikatetemeka, ikararuka, ikaondoka. Sanduku zima likawa jeupe, pembe zote, kabla hajakiweka kijiti mezani.

"Hivyo tu?" Kipkosgei akauliza.

"Hivyo tu."

"Na jagi ni lile lile."

"Ni lile lile."

Akaketi. Nje mtu alikuwa akikata nyasi za shule kwa fyekeo.

"Mzee, siku ile nilikuambia nini?" Eucabeth akauliza. "Niambie ukweli."

"Uliniambia jagi moja, ndoo moja, kila jioni."

"Sikukuambia uwache maji ikiingia. Sikukuambia ukoroge tangi."

"Hukuniambia."

"Nilidhani mtu anajua."

"Na mimi nilidhani najua."

Kisha Eucabeth akajaribu njia nyingine, na hapa hakuwa anadanganya. Alimwambia kwamba sanduku linaonyesha dawa ilikokwenda, halionyeshi Rodah aliugua wapi. Kwamba Rodah alikuwa ameenda kwa dada yake huko Kedowa wakati wa Pasaka, na huko nako kulikuwa na wagonjwa. Kwamba mtu anaweza kushika taifodi kwa mboga, kwa mkono wa mtu sokoni. Hakuna kichupa kinachoweza kurudi nyuma kikapima.

Kipkosgei alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Kedowa alikunywa chai," akasema. "Hapa alikunywa maji."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliomba kusimama. Hakuzungumzia buluu wala viazi. Alisema kipimo cha mwalimu kilikuwa sawa tangu mwanzo. Kwamba yeye ndiye hakujua kumwaga, na dawa haikufika upande wa mashamba. Kwamba asilaumiwe mtu mwingine. Akaweka ufunguo wa tangi juu ya meza ya katibu wa kamati ya maji, akaketi. Watu wakamzunguka. Wakamwambia ni mapenzi ya Mungu, wakamwambia hakuna aliyejua, wakamshika mabega. Katibu wa kamati akamfuata mpaka langoni kumrudishia ufunguo, kwa maana hakuna mwingine aliyetaka kupanda kilima kila siku. Aliyekuwa ameziona nyuso zao anasema hakuna hata mmoja aliyemkasirikia, na kwamba Kipkosgei alionekana kama mtu aliyeenda kulipia kitu akaambiwa duka limefungwa.

Njiani, wanawake walianza tena kumpa Mwalimu Eucabeth ndizi. Anasema ndizi zile alizipeleka kwa mbuzi.

Kuna mtu mmoja ambaye hakuwa kanisani. Kipkosgei alimpigia Chelimo simu jioni hiyo, amesimama kwenye kibanda cha kupimia majani chai ambako mtandao hushika vizuri.

"Baba, kwa nini unaniambia hii?" Chelimo akauliza baba yake alipomaliza kueleza.

"Kwa sababu ulikataa mkono wa Mwalimu."

Kipkosgei akaikaza simu sikioni.

"Sawa, Baba," Chelimo akasema, na simu ikakatika.

Agosti hakuja. Septemba hakuja. Alituma sukari na dawa ya kupe kwa jirani aliyekuwa akirudi kutoka Nakuru, na salamu zisizokuwa na maneno. Kipkosgei aliendelea na tangi. Siku hizi anamwaga asubuhi, maji yakiwa yanaingia kwa kishindo, kisha anashusha mti mrefu wa mkaratusi uliochongwa na kuzungusha mpaka mikono ichoke. Mwalimu hupanda kilima na kichupa cha afisa wa afya kupima mfereji wa mwisho wa mashamba, ule ulio kwenye boma la Kipkosgei mwenyewe, na maji hugeuka waridi kila mara. Wakishaona waridi huagana haraka. Hawajawahi tena kutaniana juu ya samaki.

Chelimo alikuja Novemba, wakati nilipokuwa Boito. Alishuka kwenye pikipiki sokoni, akapita shuleni kwanza, akaenda hadi mlangoni mwa nyumba ya Mwalimu akanyoosha mkono. Eucabeth anasema mkono ulikuwa baridi na ulishikilia kwa muda.

Kisha akapanda nyumbani. Alimsalimu baba yake, akauliza habari za ng'ombe, akavaa leso ya mama yake na kuingia jikoni kupika. Kipkosgei alikaa mlangoni akimtazama. Chelimo alifungua mfereji, akajaza sufuria kubwa maji ya kunywa, akaiweka motoni kando ya ile ya mboga.

"Hiyo imetibiwa, mama," Kipkosgei akamwambia taratibu. "Nimemwaga mwenyewe asubuhi. Mwalimu amepima."

"Najua, Baba."

Maji yalichemka. Mfuniko ukaanza kucheza. Chelimo hakuiepua sufuria. Aligeuza mboga, akaosha vikombe, akapangusa meza, maji yakiendelea kububujika, mvuke ukijaza jikoni mpaka ukuta ukatoa jasho. Yalikuwa yamechemka kiasi cha kuua kitu chochote, kisha kiasi hicho tena, na bado hakuyagusa wala hakumtazama baba yake.

Moto ulipoanza kufifia, Kipkosgei aliinama, akachukua kuni mbili kutoka kwenye rundo la mlangoni, akazisukuma chini ya sufuria.